Mtoto Akiitwa Darasa la Wenye Vipawa, Nyumba Nzima Inahama

Leo neno langu ni kwa wazazi. Hasa wewe wa Kawangware, Kangemi, Riruta, Uthiru, Dagoretti, upande wetu huu wote wa magharibi, ambaye muhula huu umepokea simu au barua kwamba mtoto wako amechaguliwa aende shule nyingine, aingie darasa la watoto wanaoshika masomo haraka. Wengine mmeniletea barua hizo baada ya ibada nizibariki. Nimezibariki. Sasa keti tuongee, kwa sababu baraka ya dakika mbili haitoshi jambo hili.

Niseme msimamo wangu mapema, usije ukasoma ujumbe wote ukitafuta niko upande gani. Mimi naamini mtoto mwenye kipawa anahitaji kusaidiwa, na kumwacha akae tu si unyenyekevu. Lakini pia naamini hakuna nafasi ya shule, hata iwe ya bure, hata iwe Lavington penye miti na basi la manjano mlangoni, inayostahili kuvunja nyumba. Nimeona nyumba zikilegea polepole kwa ajili ya kitu ambacho tulikishangilia kanisani kwa vigelegele.

Tuanze na kipawa chenyewe. Tunajua kumwombea mtoto anayeshindwa na masomo. Mama anakuja mbele, tunaweka mikono, tunakemea roho ya kusahau. Lakini ni lini umemwona mzazi akija mbele na kusema, Pasta, mtoto wangu anamaliza hesabu kabla mwalimu hajageuka kutoka ubaoni, halafu anasumbua wenzake kwa kukosa kazi, na sasa ameanza kuchukia shule? Huyo tunamcheka. Tunamwambia hilo ni tatizo la matajiri. Kumbe mtoto anaumia. Anajifunza uvivu akiwa na miaka saba, maana hajawahi kukutana na swali lililomlazimu kufikiri mara mbili. Anajifunza kujificha, kwa sababu akijibu sana anaitwa mjuaji. Na wengine wanachapwa, ingawa sheria imekataza kiboko, kwa utundu ambao ukiuangalia vizuri ni njaa ya akili.

Na hapa nikuambie jambo ambalo wazazi wengi hawajawahi kuambiwa. Sheria yetu ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, inapoeleza maana ya elimu ya mahitaji maalum, haiwataji watoto wenye ulemavu peke yao. Inawataja pia wanafunzi wenye vipawa na talanta. Inasema elimu hiyo ni ile inayorekebishwa ili imfae mtoto: yale anayofundishwa, namna anavyofundishwa, vifaa anavyotumia, hata mazingira anayojifunzia. Sera ya taifa ya elimu ya mahitaji maalum ya mwaka 2009 ilikuwa tayari imewahesabu humo. Kwa hivyo ukienda kwa mwalimu mkuu ukasema mtoto wako anahitaji kazi ya ziada, si majivuno. Unauliza juu ya jambo lililoandikwa na Bunge.

Ni kweli, sheria ni jambo moja na darasa lililojaa ni jambo lingine. Tangu elimu ya msingi iwe bure mwaka 2003, mwalimu wa shule ya umma mtaani kwetu amebeba mzigo ambao mimi nikipewa kwa wiki moja nitaomba kuhamishiwa kijijini. Ukimwambia abuni kazi ya pekee kwa mtoto mmoja mwepesi huku kuna wengine wengi ambao bado hawajui kusoma, atakuangalia tu. Na milango mingi tuliyoizoea ya kumwinua mtoto mwerevu wa maskini humngoja amalize msingi kwanza. Starehe ya Geoffrey Griffin iliyoanza mwaka 1959, Wings to Fly ya Equity tangu 2010, shule ya M-PESA Foundation kule Thika tangu 2016, zote zimefanya kazi kubwa, Mungu awabariki. Lakini mtoto wa Gredi ya 3 anayechoka kungoja wenzake, huyo hana mlango mpana wa umma. Ndiyo maana shule ya binafsi ikikuita na kusema tuna darasa lake na karo tutalipa, moyo unaruka. Naelewa. Wangu pia ungeruka.

Tena usiruhusu mtu akwambie kwamba hesabu na kuchora na kuunda vitu si mambo ya rohoni. Soma Kutoka 31 juu ya Bezaleli. Huyo alijazwa Roho wa Mungu, na kazi aliyopewa haikuwa kuhubiri. Ilikuwa dhahabu, fedha, shaba, kuchonga mawe na mbao. Fundi! Kama anajazwa Roho kwa ajili ya kuchonga mbao, basi mtoto wako anayefungua redio ya babake na kuirudisha ikilia hana haja ya kuombewa aache.

Lakini mtihani wa kuchagua wenye vipawa usiufanye kuwa unabii. Ule ni mtihani tu. Mwaka 1921 kule California, profesa mmoja wa Stanford aitwaye Lewis Terman alianza kukusanya watoto waliopata alama za juu sana za akili, zaidi ya 1,500, akawafuatilia miaka na miaka. Kuna wavulana wawili waliopimwa wakaonekana hawakufika kiwango, wakaachwa nje. Mmoja ni William Shockley, mwingine Luis Alvarez. Wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Sisi wenye Biblia hatukupaswa kungoja California itufundishe hilo. Nyumbani kwa Yese wavulana saba walipita mbele ya Samweli, na yule aliyetafutwa hakuwa hata ameitwa ndani, alikuwa malishoni na kondoo. Basi kama mtoto wako amefaulu, shukuru. Kama wa jirani hakufaulu, funga mdomo wako penye watoto.

Sasa nikupe mfano wa nyumba moja. Nimemwomba mama huyu ruhusa na amekubali niandike, mradi nisimtaje yeye wala shule. Wanaishi Uthiru. Mama anauza mboga na maharagwe ya kuchemsha, baba ni mlinzi wa usiku kwenye jengo moja hapo mjini, si mbali na Tom Mboya. Watoto wawili. Msichana alikuwa na miaka tisa alipoitwa, Gredi ya 4, akaingia darasa la wepesi katika shule ya binafsi upande wa Lavington. Karo yote imelipwa. Tulipiga makofi kanisani, mama akalia, baba akatoa sadaka ya shukrani ambayo najua ilimuuma mfukoni.

Barua ilisema karo. Haikusema nauli. Haikusema sare mbili na ya michezo, viatu vya aina moja tu, pesa ya kuogelea, safari za shule, na kile chakula cha saa nne ambacho kila mtoto hubeba kutoka nyumbani. Twende pamoja kwenye nauli peke yake. Tuseme safari moja ni shilingi 50. Asubuhi mtoto na mzazi wanapanda, mzazi anarudi. Jioni mzazi anaenda, wanarudi wawili. Hizo ni safari sita, shilingi 300 kwa siku. Kwa wiki ni 1,500. Kwa muhula wa wiki 13 ni 19,500. Na usiniambie habari ya kumpakata mtoto wa miaka tisa kwenye matatu ya Waiyaki Way ili asilipe, makanga wa siku hizi hawachezi. Mama wa mboga anatoa wapi 19,500? Alitoa kwenye karo ya shule ya chekechea ya mdogo, halafu kwenye pesa ya chama, halafu akaanza kukopa kwa simu.

Na muda pia una bei. Baba alikuwa akitoka zamu saa kumi na mbili asubuhi mjini, anapanda gari hadi nyumbani, anamchukua msichana, wanarudi njia ile ile hadi karibu na ABC, wanateremka na kutembea James Gichuru. Analala saa nne. Saa nane yuko macho tena. Baada ya wiki sita alisinzia kazini, akapewa onyo la maandishi. Unaona vile baraka inaweza kumfukuzisha mtu kazi?

Kwa hivyo kabla hujaweka sahihi, mzazi, uliza. Usione haya. Uliza msaada huu unaisha lini: unamfikisha Gredi ya 6 akifanya ule mtihani wa KPSEA, au unaendelea hadi Gredi ya 9? Uliza alama zake zikishuka muhula mmoja itakuwaje. Uliza nani analipa safari, chakula, vitabu, kompyuta. Uliza kama kuna basi na kama lina bei. Uliza kuna watoto wangapi wengine waliotoka mitaa kama yetu, kwa sababu mtoto mmoja peke yake kati ya watoto wa wenye magari ni mtoto mpweke. Halafu omba majibu yaandikwe. Mtu akikwambia maswali haya ni kukosa imani, mwambie Yesu mwenyewe alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza ahesabu gharama. Luka 14.

Nije kwa msichana. Shule ya zamani alikuwa wa kwanza siku zote. Najua mtaala wa umilisi hautaki mambo ya namba moja namba mbili, lakini watoto wanajua. Alipofika kule, ripoti ya kwanza ikaja. Masomo mawili alikuwa amefikia matarajio. Hesabu, ile hesabu aliyokuwa akiwafundisha wenzake, ikaandikwa anakaribia matarajio. Mama alikuja kwangu na karatasi ile kama ameshika barua ya msiba. Alitaka tufunge siku tatu tuvunje laana ya wivu, kwa sababu kuna jirani alisema neno siku ile ya makofi.

Nilimwambia hatutafunga. Nilimwambia mtoto wako kwa mara ya kwanza maishani amekutana na kazi iliyo kubwa kuliko yeye, na hilo ndilo tulilolitafuta. Mtu ambaye daima alikimbia na wanaotembea akiwekwa na wanaokimbia, ataachwa nyuma mwanzoni. Hakuna laana hapo. Hatari ninayoiona ni mama kulia mbele ya mtoto, kwa sababu mtoto akiona machozi anaelewa kwamba alipendwa kwa ajili ya kuwa wa kwanza. Akishaelewa hivyo, ataanza kudanganya, au ataanza kuumwa tumbo kila Jumatatu. Huyu aliumwa tumbo Jumatatu tatu mfululizo. Kliniki haikuona kitu.

Tulichofanya ni kidogo sana. Baba alienda kuonana na mwalimu wa darasa, na sare yake ya ulinzi, hakwenda kubadilisha. Akamwambia mwalimu, huyu mtoto nyumbani kwetu hana mtu wa kumsaidia kwa Kiingereza cha hizi hesabu, mimi niliishia darasa la saba. Mwalimu hakujua. Alidhani mtoto ni mzembe wa kazi za nyumbani. Wakapanga nusu saa mchana mara mbili kwa wiki. Ndiyo hivyo tu. Hakuna aliyefunga, ingawa tuliomba, na tunaendelea kuomba.

Hapa nataka ukumbuke Danieli. Watu wengi husoma Danieli sura ya kwanza wakitafuta mboga. Mimi naisoma kama mzazi. Nebukadneza aliamuru wachaguliwe vijana wepesi wa kuelewa, wapewe miaka mitatu ya masomo, lugha na vitabu vya Wakaldayo, chakula kutoka mezani kwa mfalme. Hilo ni darasa la wenye vipawa! Ndilo la kwanza ninalolijua kwenye Biblia, na lilikuwa katika jumba la adui, likiwa na nia ya kuwafanya vijana wa Yuda wasahau kwao. Sasa angalia Danieli alikataa nini. Hakukataa masomo. Hakukataa lugha ya kigeni. Hata jina jipya la Belteshaza alilibeba. Alikataa chakula peke yake, na hata hapo hakupiga kelele, aliomba kwa adabu wajaribiwe siku kumi.

Mzazi, chagua chakula chako. Mtoto akirudi anaongea Kiingereza cha puani, mwache, huo ni Ukaldayo, atautumia. Akirudi anakuita jina la kizungu badala ya mama, cheka, kitapita. Lakini akirudi anakataa kula mbele ya watu kwa sababu githeri inaonekana ya maskini, akimsahihisha nyanyake Kiswahili mbele ya wageni, akimwambia ndugu yake hana akili kwa sababu hakuchaguliwa, hapo ndipo mezani kwa mfalme. Hapo simama. Usipigane kila mahali, utachoka na utakosa nguvu pale panapohitaji.

Na huyo ndugu. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo ninapoona makovu mengi. Nyumba ya Uthiru ina mvulana wa miaka saba. Ana akili za kawaida, ana miguu ya mpira, anacheka sana. Mwaka huu wote hakununuliwa kiatu. Meza ilikuwa ya dada kwa kazi za shule, taa ya dada, kimya cha dada. Siku moja akamuuliza mamake, mimi nikifeli sana nitapata shule yangu pia? Mama aliniambia hilo akicheka. Mimi sikuweza kucheka.

Yakobo alimshonea mtoto mmoja kanzu ya pekee, na watoto wengine hawakumchukia Yusufu kwa ndoto peke yake, walimchukia kwa ile nguo waliyoiona kila siku. Sikatai kwamba mmoja anaweza kuhitaji zaidi. Mtoto mgonjwa hupata dawa ambayo wengine hawapati. Lakini wale wengine lazima waambiwe kwa nini, na lazima wawe na kitu chao. Kuna jambo huwa nalipenda katika maisha ya Wangari Maathai. Kabla ya Nobel ya 2004, kabla ya miti, kabla ya digrii, kulikuwa na kaka yake aitwaye Nderitu aliyemuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Swali la kaka ndilo lililofungua mlango, na mama akakubali. Fikiria kama kaka yule angelelewa akiona dada ni mshindani wa sahani yake. Mimi nataka watoto wa kanisa hili wawe wa kuulizia wenzao. Yule mvulana wa Uthiru sasa Jumamosi baba humpeleka uwanjani, wao wawili, dada hayumo. Saa mbili tu. Baba analala kidogo zaidi ya alivyopaswa, lakini mvulana ana baba.

Jambo lingine, mtoto anayehama shule ya mbali kwa akili anahitaji nyumba ionekane iko pale pale. Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye juu ya imani tuliachana naye njia lakini juu ya mama yake huwa namsikiliza, aliingia Alliance High School hapo Kikuyu mwaka 1955, wakati wa hali ya hatari. Ni karibu na sisi, unapita Uthiru na Kinoo unafika. Alikuwa kijana aliyechaguliwa kati ya wengi. Muhula wa kwanza ulipoisha akarudi kwao Limuru, akakuta kijiji kimebomolewa, watu wamehamishwa. Ameandika kitabu kizima kinachoanzia hapo. Serikali ya mkoloni ndiyo iliyobomoa. Sisi leo tunabomoa wenyewe: baba anahamia chumba karibu na kazi, mama anahamia kwa dada yake ili mtoto awe karibu na shule, mdogo anapelekwa ushago kwa nyanya. Kila mmoja anasema ni kwa muda. Mtoto anarudi likizo, arudi wapi?

Ukiniuliza mfano wa mzazi aliyeweza, nitakupa Hana. Alimpeleka Samweli hekaluni kule Shilo akiwa mdogo, na tusijidanganye kwamba Shilo ilikuwa shule nzuri. Wana wa Eli, Hofni na Finehasi, walikuwa watu wabaya kabisa na ndio walikuwa wakubwa wa pale. Lakini 1 Samweli 2 inasema kila mwaka Hana alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Sasa wewe mshonaji niambie, unashonaje kanzu ya mtoto usiyemwona mwaka mzima? Ni lazima akili yako iwe kwake. Alifika hapa, mabega sasa yamefika hapa. Hana alibaki mama wa mtoto anayekua, hakubaki mama wa mtoto aliyemwacha. Na sura ile ile inasema alizaa wengine, wavulana watatu na wasichana wawili. Sidhani waliishi uchi ili kanzu ya Samweli ishonwe.

Kwa wachungaji wenzangu mnaosoma hapa, na najua mko, tuambiane. Tuache kuwapandisha watoto hawa madhabahuni kila Jumapili kama ushuhuda wa huduma yetu. Zamani za KCPE tulikuwa tukipaka mafuta kalamu, na mtihani ule ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Naona sasa tumehamisha mafuta kwa watoto wenyewe. Mtoto wa miaka tisa akishasimama mbele ya watu mia tatu akaambiwa wewe ni daktari wa taifa hili katika jina la Yesu, hana tena ruhusa ya kushindwa, wala ya kutaka kuwa fundi wa nguo. Mwombee kimya. Mpe Biblia yake. Mwache akacheze na wenzake wa shule ya Jumapili, ambako haulizwi alama.

Na kuna nyumba ambayo ilikataa. Kangemi, mama peke yake, watoto wanne, wa pili akaitwa. Alihesabu, akaona gharama itawala wengine watatu, akasema hapana. Watu walimsema. Kuna dada mmoja wa maombi alimwambia amezika talanta kama yule mtumwa wa Mathayo 25. Mimi niko upande wa mama huyu. Talanta haikuzikwa. Mtoto alibaki shule yake ya umma, mwalimu wake wa Gredi ya 5 akakubali kumpa vitabu vya madarasa ya mbele, akapelekwa kupimwa ili mama ajue hasa anahitaji nini. Taasisi ya serikali ya elimu maalum, KISE, iko Kasarani, na kuna vituo vya upimaji katika kaunti. Wengi wetu tunadhani huko ni kwa wasiosikia na wasioona tu. Jumamosi mama anashuka naye mjini kwa wauzaji wa vitabu vya mtumba kando ya barabara, anachagua kimoja, bei wanapatana. Mji huu una maktaba ya McMillan pale Banda Street iliyofunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Leo mtoto wa Kangemi anapita nje ya jengo hilo na kitabu cha sayansi kwapani. Huwezi kuniambia huyo amezikwa.

Kwa hivyo ukiwa na barua mkononi usiku huu, usiijibu kesho asubuhi. Iwekeni mezani nyote, pamoja na watoto. Muulize huyo aliyeitwa anataka nini, na anaogopa nini, umwache amalize. Muulize mdogo wake pia. Hesabuni kwa kalamu. Ombeni. Halafu nendeni mkaione shule siku ya kawaida ya masomo, si siku ile ya wageni, mkae langoni wakati watoto wanatoka mtazame wanavyoongea na mlinzi wa pale. Utajua mengi.

Wale ambao watoto wao wanahama shule Januari, tukutane Jumatano baada ya maombi ya jioni, chumba cha shule ya Jumapili, na mje na watoto wote, si yule mmoja tu. Walimu wawili wa kanisa wamejitolea kukaa nanyi kwenye kazi za nyumbani mara moja kwa wiki, bila malipo. Tunatafuta pia mtu mwenye gari anayepita Waiyaki Way kuelekea Lavington kabla ya saa moja asubuhi, kuna watoto watatu wa Uthiru na Kangemi. Na kama una viatu vyeusi vya kamba, namba 34, vya mvulana, hata vilivyovaliwa, niandikie faraghani.